Nani Alipe Bei ya Kubahatisha?

Shida ya injini haina siri. Pikipiki inatoa moshi, inagonga, inakunywa oili, na hata abiria anajua mambo si mazuri. Shida ya stima ni kitu kingine. Inakuja, inaenda. Unatoka Githurai ikiwa sawa kabisa, unafika Roysambu inazima bila hata kukohoa, unaisukuma mpaka kwa fundi jasho likikutoka, fundi anapiga kiki moja na inawaka. Mnaangaliana. Yeye anaanza kushuku kwamba wewe ni mwongo, na wewe unaanza kushuku kwamba pikipiki ndiyo mwongo.

Hapo ndipo kazi ya fundi inageuka kuwa swali la maadili, ingawa hakuna mtu pale anayeliita hivyo. Stima haionekani. Kitu kisichoonekana lazima mtu akikisie, na kila kukisia kuna gharama, na gharama lazima itoke kwenye mfuko wa mtu. Swali langu ni dogo tu: mfuko wa nani?

Mimi sina pikipiki. Mimi ni abiria, tena yule wa kubishana bei. Nakaa kwa mafundi kwa sababu kuna kivuli, kuna mahali pa kuchaji simu, na stori za pale zinashinda za mtandaoni. Ukikaa hapo miezi kadhaa unaanza kuona mtindo. Pikipiki inaletwa, plagi haitoi moto. Fundi anasema, "Hii ni CDI." CDI inanunuliwa. Ikikataa, "Basi ni koili." Koili inanunuliwa. Ikikataa, "Hapo sasa itakuwa magneti." Mwenye pikipiki analipa kila hatua. Na mwishowe ikiwaka, wote wanashukuru, na ile spea ya mwisho kufungwa ndiyo inapewa sifa.

Hebu nichukue kisa kimoja, maana mambo haya yakizungumzwa juu juu yanakuwa matamu na hayamsaidii mtu.

Jamaa mmoja wa steji yetu anaendesha pikipiki ya mkopo. Kila siku anatuma Ksh 480, Jumapili ikiwemo. Pikipiki ikaanza kuzima. Fundi wa kwanza alimuuliza swali ambalo baba yake fundi huyo hangelielewa: "Umelipa leo?" Pikipiki nyingi za mkopo siku hizi zina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa mahali, na kwa baadhi yazo kampuni inaweza kukata stima ikiwa mbali ukichelewa kulipa. Yaani kabla hujapima betri inabidi upime deni. Nitarudi kwa hilo siku nyingine, lina insha yake. Jamaa alikuwa amelipa.

Basi CDI ikabadilishwa. Ikawaka, akaenda, siku mbili safi. Ikazima tena. Koili ya plagi ikabadilishwa. Siku tatu safi. Ikazima. Rektifaya. Siku moja. Spea tatu pamoja na pesa za kazi, Ksh 3,400, na juu yake siku kadhaa za kushinda ameegesha huku zile 480 zikitoka kama kawaida. Siku ya tisa akaelekezwa kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mti karibu na reli. Mzee hakugusa spana. Akauliza, "Ikizima ukiwa barabarani, honi inalia?"

Jamaa akafikiria. "Hailii, mzee."

"Na ile taa ya kijani ya nyutro?"

"Pia inapotea. Halafu baadaye zinarudi zote."

Mzee akaiwasha, akashika usukani, akaukata wote kushoto. Ikazima. Akabonyeza honi, kimya. Akarudisha usukani katikati, akabonyeza tena, ikalia. Kwenye lile fungu la nyaya linalopinda shingoni mwa pikipiki, waya unaotoka kwa swichi ya ufunguo ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake. Kwa nje ulikuwa mzima, na kwa ndani zilibaki nyuzi mbili tatu zikigusana zikipenda. Ukifikiria ni mara ngapi boda anakata kona kwa siku moja, utaelewa kwa nini nyaya hukatikia hapo. Mzee akaukata, akaunga, akapiga lehemu, akafunga tepu. Ksh 150.

Liangalie vizuri lile swali la honi, kwa sababu kazi yote iko ndani yake. Koili ya plagi hata ikifa kabisa haiwezi kunyamazisha honi. CDI pia haiwezi. Honi inapata chakula chake kutoka kwa betri kupitia swichi ya ufunguo, haijui kama plagi ipo. Kwa hivyo honi ikinyamaza pamoja na injini, shida imekaa mahali ambapo njia zao bado ni moja: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, au nyaya zilizo kati ya hivyo. Na rektifaya? Rektifaya ikikataa kuchaji, betri inaisha polepole, taa zinafifia, stata inachoka. Haizimi pikipiki ghafla halafu ikairudisha baada ya dakika mbili kama mtu aliyetoka nje kuvuta sigara. Swali moja la bure lilikuwa linaondoa spea zote tatu mezani.

Rahisi sana kusema hapa kwamba yule fundi wa kwanza ni mwizi. Wasee wa steji walisema hivyo, kwa maneno makali zaidi. Mimi sikubali. Kama angekuwa mwizi, insha hii ingekuwa fupi: wizi ni mbaya, kwaheri.

Fikiria alichokiona yeye. Alitoa CDI, akafunga nyingine, pikipiki ikawaka na ikakaa siku mbili. Ameshuhudia kwa macho yake. Kilichotokea kweli ni kwamba ili aifikie CDI alivuta nyaya, na nyuzi zilizokuwa zimeachana zikagusana tena. Ili aifikie koili alitoa tangi, na fungu lote la nyaya linapita chini ya tangi, likasukumwa tena. Mara nyingine shida huwa ni soketi iliyoota ile kutu ya kijani ya shaba baada ya mvua, na kule kuichomoa na kuirudisha tu kunaikwangua, stima inapita. Mkono wa fundi ndio ulitibu, kwa bahati, na spea ikapokea shukrani. Mskoti David Hume aliandika katika karne ya 18 kwamba hatukioni kisababishi chenyewe, tunaona tu jambo moja likifuata lingine, na mazoea yetu yanajaza lililobaki. Sidhani Hume aliwahi kubadilisha CDI, lakini angetoshea vizuri sana kwenye lile benchi.

Kwa hivyo fundi aliamini. Aliamini kwa dhati kwamba CDI ilikuwa imekufa. Swali ni kama kuamini kwa dhati kunatosha.

Mwaka 1877 kulikuwa na Mwingereza, mwanahisabati, anaitwa William Clifford, aliyeandika insha kuhusu mwenye meli. Meli ni kuukuu, imerekebishwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi kama inafaa kwenda safari nyingine. Lakini kuikagua ni gharama. Basi anajituliza: imeshavuka bahari mara nyingi, mafundi wake ni watu waaminifu, Mungu hatawaacha abiria. Mpaka anaamini kweli. Meli inazama katikati ya bahari, yeye anachukua pesa za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia, na kuamini kwake kwa dhati hakumpunguzii hata kidogo, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anaongeza kitu ambacho bado kinanikera kila nikikikumbuka: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile.

Sasa chukua Clifford umlete Githurai. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho fundi anaweza kufanya baada ya kubadilisha CDI na pikipiki ikawaka. Rudisha ile ya zamani. Dakika tano. Ikikataa kuwaka na ya zamani, na ukirudisha mpya inawaka, basi angalau una kitu mkononi. Lakini kama inawaka hata na ya zamani, basi ya zamani haikuwa na makosa, na ulichotibu ni kitu kingine ambacho bado hujakijua. Katika muda wote niliokaa pale sijaona mtu akifanya hivyo. Si kwa ubaya. Angalia tu nani anapata nini. Mteja ametabasamu, pikipiki inanguruma, pesa iko karibu kutoka. Kipimo hicho hakiwezi kumwongezea fundi hata shilingi, kinaweza tu kumharibia. Kwa hivyo hakifanywi, na kwa sababu hakifanywi fundi anabaki msafi, hajui kitu, hajadanganya mtu. Kuna aina ya kutojua ambayo ina faida, na anayefaidika nayo hujifunza bila kufundishwa mahali pa kutoangalia.

Hicho ndicho naona ni kosa, na si uongo. Sina jina lake zuri kwa Kiswahili. "Uzembe" hautoshi, maana fundi huyu ana bidii, anashinda juani tangu saa moja asubuhi.

Najua atakachojibu mtu wa boda. Manze, nani ana dakika tano? Na hapa kuna hoja ya kweli. Mwenye pikipiki mwenyewe ndiye mara nyingi husema, "Weka tu nyingine, niende." Kila saa akiwa ameegesha ni wateja watatu wanne wameenda na mwingine. Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka 1896 akisema kuna mambo ambayo huwezi kukaa kusubiri ushahidi, kwa sababu kutochagua pia ni kuchagua, na kuna hasara yake. Mwenye deni la 480 kwa siku anamwelewa James bila kumsoma.

Lakini James alikuwa anazungumzia maswali ambayo ushahidi wenyewe hauwezi kuyaamua. CDI si swali la aina hiyo. Ushahidi upo, uko sentimita 40 kutoka kwa mkono wa fundi. Weka mita kwenye betri pikipiki ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Iwashe, ongeza mafuta kidogo, isome tena: ikiwa kati ya 13.5 na 14.5, inachaji, rektifaya achana nayo. Ikipita 15, hapo rektifaya imeshindwa kuzuia, na balbu zako zitaungua moja baada ya nyingine mpaka ufikiri ni balbu za bandia. Vipimo viwili, dakika moja, na tayari unajua kama ile Ksh 1,000 ya rektifaya inahitajika. Kwa jamaa yetu haikuhitajika. Haraka ilikuwa yake kweli, lakini kubahatisha hakukumpa haraka, kulimpa siku tisa.

Kwa nini basi fundi asipime? Hili lilinichukua muda kulielewa, na jibu linatugusa sisi wateja kuliko yeye. Mita nzuri ya kawaida haina bei ya kutisha, mafundi wengi wanayo kwenye sanduku. Shida ni kwamba hakuna anayelipia kupimwa. Nimesikia kwa masikio yangu: "Umenipimia tu, hujabadilisha kitu, sasa nikulipe nini?" Fundi aliyepata waya uliokatika kwa dakika tatu anapewa soo na nusu na anaambiwa ana bahati. Aliyebadilisha spea tatu analipwa kazi mara tatu. Watu wetu wanalipia kitu kinachoshikika. Ujuzi haushikiki, na ukiwa mzuri sana unafanya kazi ionekane nyepesi, na kazi nyepesi inalipwa vibaya. Mzee wa chini ya mti ndiye mwenye ujuzi zaidi, na ndiye aliyepata pesa kidogo zaidi katika hadithi nzima. Hata duka la spea lilipata kumliko mara nyingi.

Nalijua hili kwa upande wangu. Mimi huandika kwa kulipwa kwa maneno. Siku tatu za kusoma ili niandike aya moja isiyo na uongo, hazina bei. Maneno 300 ya kujaza yana bei. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo hakuna cheti ninachoweza kubandika ukutani kusema "huyu mlipeni kwa kufikiri". Fundi wetu wa jua kali yuko pale pale. Daktari analipwa kukuona hata akikuambia huna kitu. Fundi akikuambia huna kitu, unampigia saluti na kuondoka.

Kuna Mmarekani mwingine, Matthew Crawford, mwenye shahada ya uzamivu inayohusu falsafa ya siasa, aliyeacha kazi ya ofisini Washington akafungua karakana ya pikipiki huko Virginia. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 anaeleza kuhusu pikipiki ya mteja ambayo alizama ndani yake, akifuatilia kasoro moja kwa saa nyingi kuliko thamani ya ile pikipiki, kwa sababu tu alitaka kujua. Halafu ikafika wakati wa kuandika bili. Je, mteja alipie udadisi wa fundi? Naipenda ile hali kwa sababu ni kinyume cha yetu na bado ni swali lilelile. Kule fundi alitaka kujua kupita kiasi, huku anajua pungufu. Kote mteja amesimama hapo hajui ndani kuna nini, na yule anayejua ndiye anayeandika bei.

Duka nalo lina upande wake. Ukienda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utakuta wauzaji wa spea wanakuambia mapema: kitu cha umeme kikifungwa hakirudi. Nilidhani ni ujanja mpaka nilipoelezwa. CDI mpya ikifungwa kwenye pikipiki ambayo rektifaya yake inaachilia volti 17, inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Muuzaji hawezi kujua ulifanya nini nayo. Ana haki ya kukataa. Fundi naye ana haki ya kulipwa kwa jasho lake. Kwa hivyo kila mtu katika mlolongo ana sababu nzuri ya kusukuma hasara kwa anayefuata, na inateremka hivyo hivyo mpaka inamfikia mtu ambaye hana wa kumsukumia. Huyo ndiye aliyejua kidogo kuliko wote kuhusu stima. Si ati kuna mtu alikaa akapanga hivi. Ndivyo maji yanavyotafuta bonde.

Nimesikia mafundi wawili wakibishana kuhusu jambo linalofanana na jibu. Mmoja ana sanduku la spea zake mwenyewe ambazo anajua ni nzima: CDI moja, koili moja, rektifaya moja, kwa zile aina mbili za pikipiki zinazojaa mtaani. Akishuku CDI, anafunga yake, anajaribu, anatoa. Ikiwa ndiyo, ndipo mteja anaenda kununua. Mkono unafanya kitendo kilekile kabisa, kufungua na kufunga, ila sasa ni jaribio, na hasara ya kukosea iko kwa anayekisia. Yule mwingine akamwambia, "Wewe una pesa ya kuweka spea zikae tu. Mimi CDI nikiwa nayo naiuza." Na hapo kukawa kimya kidogo, kwa sababu wote walijua ni kweli. Kuwa mwaminifu kwa njia ile kunahitaji mtaji wa elfu tatu hivi. Sijui nifanye nini na ukweli huo. Naandika tu kwamba upo.

Hadi hapa nimekuwa mpole. Kuna mahali upole wangu unaisha.

Fyuzi ya pikipiki ni kitu cha bei ya andazi. Ya ampia 10 au 15, kawaida. Kazi yake ni moja: kufa kabla ya nyaya. Ikikatika mara ya kwanza unaweka nyingine. Ikikatika tena kuna mahali waya umechubuka unagusa fremu, na inabidi utafutwe, na kuutafuta ni kuchosha, unaweza kumaliza mchana mzima ukifungua tepu za watu. Kwa hivyo kuna njia ya mkato ambayo kila mtu anaijua: unachukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au unyuzi wa waya, unafunga mahali pa fyuzi. Pikipiki inawaka. Haikatiki tena kamwe. Ikipata shoti, kitakachokatika ni nyaya zenyewe, na zinapita chini ya tangi la petroli.

Dereva anajua. Fundi alimwonyesha, wakacheka, akasema "weka tu". Tuseme amekubali hatari yake, ni mtu mzima, ana deni. Lakini nyuma yake nitakaa mimi. Au mama anayepeleka mtoto hospitali saa tano usiku, mtoto yuko katikati, na hakuna mtu aliyemwonyesha ile karatasi. Hali kadhalika taa ya mbele inayopotea ikipiga tuta na kurudi yenyewe, ile ambayo dereva anasema "huwa inafanya hivyo". Ukibahatisha kwa pesa yako, ni mambo yako. Ukibahatisha kwa pesa ya mteja akijua ni kubahatisha, mnaweza kubishana na mkaelewana. Ukibahatisha na mwili wa mtu wa tatu ambaye hayuko kwenye mazungumzo, hakuna haraka wala deni linaloweza kukupa ruhusa hiyo, kwa sababu mwenye kuitoa hakuulizwa. Clifford aliweka abiria kwenye ile meli kwa makusudi, nadhani. Mwenye meli angekuwa peke yake ndani, ingekuwa hadithi tofauti.

Na kuna mtu atasema, sasa abiria aulizeje? Nishuke niombe kuona fyuzi? Nimewahi kuuliza, dereva alicheka akaniambia nipande ama niachie mwingine nafasi. Nilipanda. Ilikuwa inanyesha.

Mzee wa chini ya mti hana mita. Ana testa, balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili, na nilipomuuliza kwa nini asinunue mita ya kisasa alinichorea kitu kwenye vumbi ambacho sijakisahau. Waya uliobaki na unyuzi mmoja ukiupima kwa mita utasoma volti 12, kamili, bila aibu. Kwa sababu mita haiuombi waya kitu chochote, inauangalia tu. Balbu inauomba waya ufanye kazi. Unyuzi mmoja hauwezi kubeba mzigo, volti zinaanguka, balbu inawaka kidogo kama mshumaa, na mzee anajua. Mafundi wenye mita wanaojua kazi hufanya vivyo hivyo, wanapima wakati stata inazunguka au taa imewashwa, si pikipiki ikiwa imelala. "Usiulize waya kama uko sawa," aliniambia. "Upe kazi."

Nimekuwa nikilifikiria hilo kuhusu yule fundi wa kwanza. Siku ya kawaida, mteja hana haraka, spea hazihitajiki, ukimuuliza kama yeye ni mkweli atasoma 12. Na si kwamba anadanganya. Mzigo unakuja ile saa moja jioni, kuna pikipiki tatu zimepanga foleni, kodi ya kibanda ni kesho, na mteja amemkabidhi jibu tayari mdomoni: ni CDI, sivyo, fundi? Hapo ndipo inabidi aseme "sijui bado", maneno mawili ambayo katika biashara ile yanasikika kama kujitangaza kwamba huwezi kazi. Wateja wangapi wangebaki? Mimi ningebaki, nasema hivyo kwa sababu sina pikipiki.

Chini ya benchi yake kuna debe la rangi, la lita 20, limejaa spea alizotoa kwa watu: CDI, koili, rektifaya, zimerundikwa kama mizoga. Wenye pikipiki huwa hawazichukui. Ile CDI ya jamaa wa steji imo humo ndani, na sasa tunajua, yeye na mimi, kwamba haikuwa na ubaya wowote. Siku moja kazi ikiwa imelala nilimwambia tuchukue pikipiki moja nzima tuzijaribu zote, moja baada ya nyingine, tuone ni ngapi zilikuwa zimekufa kweli. Ingechukua saa mbili hivi. Aliliangalia lile debe kwa muda, akalisukuma ndani kwa mguu.

"Na zikiwaka," akasema, "nitamwambia nani?"